Sura ya Nne: Masurufu ya Mwaka na Daftari la Mwenye Duka

Vitabu vingi vinavyofundisha watu kupanga matumizi ya chakula vimesimama juu ya dhana moja ambayo waandishi wake, kwa kuwa wengi wao ni watu wa mjini wapokeao mshahara kila mwisho wa mwezi, hawakuona haja ya kuitaja: kwamba fedha huingia nyumbani kila baada ya siku thelathini, kwa kiasi kinachojulikana, na kwamba kazi ya mwenye nyumba ni kukigawa kiasi hicho baina ya unga, mafuta, sukari na mboga, kisha kujizuia asivuke mpaka aliojiwekea. Dhana hiyo yamfaa karani wa Dar es Salaam na mwalimu wa Mtwara mjini. Walakini mtu akiichukua akaenda nayo Milola, kata iliyo bara kidogo ya mji wa Lindi, upande wa Rutamba, ataikuta haina mahali pa kusimama, maana huko riziki haiji kwa mwezi. Ufuta hulipwa baina ya Juni na Agosti, mbaazi hufuata, korosho huanza kuuzwa Oktoba na kuendelea mpaka mwaka ukaribie kwisha. Baada ya hapo nyumba nyingi hazioni fedha ya maana mpaka ufuta mwingine uvunwe. Mwaka mzima huliwa kwa malipo mawili au matatu, na kati ya malipo hayo imo miezi ambayo mkono huingia mfukoni ukatoka mtupu.

Kwa sababu hiyo natangulia kusema jambo ambalo sura hii nzima italifafanua. Masurufu ya jikoni katika nyumba ya mkulima wa kusini huwekwa katika juma lile ambalo fedha ya mazao imefika, kabla haijanunua kitu kingine chochote, na aghalabu huvunjwa katika juma lilo hilo. Yanayoonekana Februari, mama anapopunguza unga katika sufuria na kuongeza maji katika uji, ni hukumu iliyokwisha kutolewa Julai na Novemba.

Nchi ya Lindi ina msimu mmoja wa mvua, uanzao Novemba au Desemba na kukoma Aprili au Mei, na kwa hiyo nafaka mpya ya shamba hupatikana mara moja kwa mwaka: mahindi na mtama huvunwa mvua zikikatika, mpunga wa mabondeni nao hukatwa nyakati hizo, na kilichopatikana hapo ndicho kitakachotazamwa mpaka mavuno yajayo. Januari, Februari na Machi ni miezi ya kupanda na kupalilia, ambayo kazi ya jembe ni kubwa kuliko nyakati zote na ghala ni jepesi kuliko nyakati zote. Mwili hutakiwa kutoa nguvu nyingi siku zile zile unazolishwa kidogo. Ernst Engel, mtakwimu wa Kijerumani, alipochunguza mwaka 1857 hesabu za matumizi ya jamaa za wafanyakazi wa Ubelgiji, alitambua kwamba kadiri nyumba ilivyo maskini ndivyo fungu la chumo liendalo kwenye chakula linavyozidi kuwa kubwa, na kanuni yake imethibitika katika nchi nyingi tangu wakati huo. Lau Engel angalikaa Milola mwaka mmoja angaliona ajabu nyingine, kwamba nyumba moja, yenye watu wale wale na shamba lile lile, huwa katika daraja mbili za watu: Novemba chakula huchukua sehemu ndogo tu ya fedha iliyopo, na Februari hakuna shilingi ipitayo mlangoni isiyokuwa ya chakula. Mwenye nyumba ana kazi ya kuzifanya nyumba hizo mbili zijuane, ili ile ya Novemba imkumbuke mwenziwe wa Februari.

Kipimo cha kwanza cha masurufu hayo ni debe. Shilingi hupanda na kushuka, bali tumbo la mtoto halina habari ya bei. Tuchukue nyumba ya watu sita, wakubwa watatu na wadogo watatu, ipikayo kilo mbili za unga kwa siku. Kwa mwaka ni kilo 730, na kwa kuwa debe la mahindi huwa na kilo kama 18 hivi, nyumba hiyo yahitaji madebe 40, yaani karibu magunia saba, ili ile ugali mwaka mzima bila ya kununua. Na kama mahindi hukobolewa yakaliwa sembe badala ya dona, idadi itaongezeka, maana pumba na kiini vinavyobaki mashineni vinakwenda na sehemu ya uzito. Katika madebe hayo 40 mwenye nyumba atoe yale atakayopumzishwa na muhogo, mtama, viazi na wali wa sikukuu, na salio ndilo deni lake kwa nyumba yake. Wazee wa pwani walihesabu kwa njia hiyo hiyo, vibaba viwili kisaga, visaga viwili pishi, na mwanamke wa Kilwa aliyekabidhiwa posho kwa pishi alijua bila ya kalamu itamfikisha siku gani. Hesabu yenyewe ni nyepesi, yaweza kufanywa kwa vijiti mchangani. Na bado nimekutana na watu wazima, wakulima hodari wasiosahau kilo hata moja ya korosho waliyopeleka chama cha ushirika, ambao ukiwauliza nyumba yao hula madebe mangapi kwa mwaka hutazama juu kama walioulizwa idadi ya nyota.

Nitasema sasa neno ambalo huenda likamshangaza msomaji. Karibu kila nyumba ikopayo dukani ina hesabu iliyoandikwa ya matumizi yake ya chakula, siku kwa siku, kwa tarehe na kwa kima, na hesabu hiyo ina ukweli kuliko zile zinazotunzwa na watu wa mjini katika programu za simu. Upungufu wake ni kwamba haikai nyumbani. Iko dukani, katika daftari refu lenye jalada gumu, ambamo mwenye duka huandika kila robo ya sukari na kila kipande cha sabuni kilichochukuliwa kwa mkopo. Nimeliona daftari la namna hiyo likifunguliwa juu ya kaunta: ukurasa wa nyumba moja, jina juu yake, na chini safu ya maneno mafupi, sukari robo, mafuta kipimo, chumvi, unga kilo mbili, kiberiti, sukari robo, majani ya chai, sukari robo, mpaka mahali ambapo wino wa bluu umekwisha na kalamu nyeusi ikapokea kazi; kisha, katikati ya Julai, mstari mmoja wa kulala uliopigwa kwa rula, siku ya malipo ya ufuta, na neno amemaliza. Chini ya mstari ule, tarehe ile ile, mkopo mpya umeanza.

Simlaumu mwenye duka. Yeye naye aghalabu huchukua mali kwa mkopo kwa wafanyabiashara wa jumla wa Lindi, na bei anayomwekea mdeni wake imebeba hofu ya wale watakaohama, watakaougua na watakaokana. Ninachoomba ni kwamba kila nyumba iende ikanakili ukurasa wake. Mwenye duka mwungwana hatakataa, na mtu atakapoketi nao nyumbani akajumlisha, sukari peke yake, mafuta peke yake, unga peke yake, atapata maarifa ambayo hakuna mwalimu wala mtaalamu awezaye kumpa, yaani kile ambacho nyumba yake hula kwa hakika, mbali na kile ambacho yeye hudhani yala. Wengi hushituka kwa sukari. Mtu hukumbuka gunia kwa kuwa alilibeba begani. Robo ya sukari huingia mlangoni ikiwa imefungwa katika kijikaratasi, mikononi mwa mtoto, na hakuna anayeiona ikipita mara mbili kwa siku kwa muda wa miezi saba.

Na twende mpaka kwenye kaunta yenyewe. Jua likikaribia kuzama, huja mtoto wa miaka minane na chupa ya maji ya nusu lita, iliyooshwa lakini ukungu wa mafuta ya jana haujatoka, amefumbata sarafu ya shilingi 500 mpaka imepata joto la kiganja. Mwenye duka huchovya kikombe kidogo cha bati katika dumu la lita 20, hukinyanyua, hungoja kichuruzike, humimina kwa uangalifu katika mdomo wa chupa, na mtoto hukimbia. Tuseme, kwa kufanya mfano tu, kwamba lita ya mafuta yauzwa shilingi 5,000 na kwamba vipimo 13 vya shilingi 500 hutoka katika lita hiyo: anunuaye kwa kipimo amelipa shilingi 6,500 kwa kitu ambacho jirani yake amekipata kwa 5,000. Kipimo kimoja kila siku ni lita 28 kwa mwaka, na tafauti ya hizo lita 28 ni shilingi 42,000, ambayo ni fedha ya kutosha kununua sehemu nzuri ya mafuta ya miezi ya njaa. Wasemao kwamba chovya chovya humaliza buyu la asali walikuwa wanaonya juu ya anayechovya, na katika duka la kijiji anayechovya analipia pia kikombe.

Hata hivyo, sitajiunga na wale wanaowacheka wanunuzi wa vipimo, kwa sababu kipimo kina hekima yake. Dumu la mafuta likikaa nyumbani mkono wa mpishi hulegea, jirani huja kuazima akiwa na haki ya ujirani, mgeni hukaangiwa samaki kwa ukarimu usio na kipimo, na mwezi mmoja umekula wa miezi miwili. Kisichokuwemo ndani hakiombwi. Kwa mtu apataye kibarua cha siku kwa siku, kununua kwa kipimo ndiyo bajeti kamili, maana hawezi kutumia zaidi ya alichonacho, na nidhamu hiyo watu wenye mishahara mikubwa wangeitamani. Kosa liko kwa yule aliyepokea laki kadhaa kwa mara moja kisha akaendelea kununua kama mtu wa kibarua. Yeye amelipa gharama ya ufukara siku ambayo hakuwa fukara. Dawa iliyo nzuri kuliko zote niijuayo katika jambo hili ni ya wanawake wa vikundi, wanaochanga pamoja, wakaagiza dumu au gunia kwa bei ya jumla, kisha wakagawana nyumbani kwa kiongozi wao kwa kikombe kile kile cha bati, kila mmoja na chupa yake, kila juma kiasi chake: faida ya jumla wameipata, na ulinzi wa kipimo hawakuupoteza.

Kwa kuwa nimetaja vikundi, niongeze shauri moja ambalo naliona kubwa. Vikundi vingi vya VICOBA na vya hisa huvunja mzunguko na kugawana akiba Desemba, kwa kuwa ni mwisho wa mwaka na watu hupenda kuuona mwaka ukifungwa kwa furaha. Katika nchi ya korosho mgao wa Desemba ni fedha juu ya fedha: unamkuta mtu tayari amelipwa, na huyeyuka pamoja na malipo yale katika nguo, simu na sherehe. Kikundi cha Milola kikikubaliana mgao uwe wiki ya kwanza ya Februari, kitakuwa kimewajengea wanachama wake malipo ya nne ya mwaka, katika mwezi ambao shamba halilipi kitu, bila ya kuongeza hata shilingi moja katika michango. Hakuna sheria ya serikali wala ya kikundi inayokataza. Kinachohitajika ni mkutano mmoja na moyo wa kuacha desturi.

Sasa nafika kwenye jambo lenye uchungu. Nyumba iliyokwama Februari, au ile iliyofika Agosti na deni kubwa, haiuzi kuku tu. Huuza mazao ambayo hayajatoka. Wakulima wa Lindi na Mtwara wanaijua biashara hiyo kwa majina yake, kangomba katika korosho na chomachoma katika ufuta, ambayo mnunuzi hutoa fedha kidogo au unga wakati wa dhiki, kisha huchukua zao kwa kipimo kisicho rasmi na kwa bei ya chini mno siku ya mavuno. Stakabadhi ghalani, mfumo uliotungiwa sheria mwaka 2005 na kuanza kutumika katika korosho msimu wa 2007/08, uliwekwa ili mkulima apeleke mzigo wake ghalani kupitia chama cha msingi, upimwe kwa mizani na uuzwe kwa mnada. Na serikali imewasaka wanunuzi wa kangomba mara nyingi. Lakini kangomba huingilia jikoni. Mnunuzi huyo hana nguvu juu ya nyumba ambayo bado ina madebe sita Februari. Madebe hayo sita, yakiwamo ndani, ndiyo yanayomwezesha mtu kungoja mnada, na bei yake ya kweli haihesabiwi kwa shilingi za mahindi. Huhesabiwa kwa kilo za korosho ambazo hazikwenda kwa mtu mwingine.

Na kungoja kwenyewe hakuna muda maalumu. Mwaka 2017 bei ya korosho ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo katika minada ya kusini, na watu wengi wakapanga mwaka uliofuata kwa mizani ya mwaka ule. Mwaka 2018 wakulima walizikataa bei za mnada wakiziona duni, na mwezi wa Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali itazinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300, na jeshi likatumwa kuzisomba. Malipo yalikawia, uhakiki ukachukua muda, na nyumba nyingi zikaingia mwaka 2019 na mvua zake zikiwa na haki mikononi lakini hazina fedha. Silitaji jambo hili kwa kumlaumu mtu. Nalitaja kwa kuwa linafundisha jinsi ya kupanga. Fedha iliyo njiani haina budi kuhesabiwa kuwa haipo, hata ikiwa mdaiwa ni dola.

Ndiyo maana nashauri kila zao lipewe kazi yake, na hapa nasema kwa mkazo kuliko popote katika kitabu hiki: ufuta uwe wa ghala, korosho iwe ya mengine. Fedha ya ufuta hufika Julai, wakati ule ule ambao mahindi ni mengi na bei yake iko chini, mahindi ya jirani aliyevuna kuliko hitaji lake pamoja na yale yashukayo kutoka Ruvuma. Shilingi moja ya Julai hununua unga ambao shilingi ya Februari haiwezi kuununua. Anayeiruhusu fedha ya ufuta iende kwenye bati na pikipiki, akitumaini kwamba korosho itanunua chakula, ameahirisha ununuzi mpaka Novemba, bei ikiwa imekwisha kupanda ngazi mbili tatu. Korosho iachiwe sare za shule za Januari, mafuta, sukari, deni la dawa ya kupulizia mikorosho, na hayo mabati. Na mbaazi, ambazo wengi huziuza zote kwa kuwa India huzitaka, zibakizwe debe moja au mawili jikoni, kwa sababu nyumba yenye mbaazi na nazi haihitaji kununua kitoweo kila siku, na mbaazi za nazi ni chakula ambacho hakuna mgeni wa pwani atakayekidharau.

Mgongano wa zao la kuuza na zao la kula ni wa zamani katika nchi hii. Vita vya Maji Maji vilivyoanza Julai 1905 katika vilima vya Matumbi, Kilwa, vilikuwa na sababu nyingi, na mojawapo ilikuwa shamba la pamba la lazima, lililowanyang'anya watu siku za kazi katika msimu ule ule wa kulima chakula chao. Askari wa Kijerumani wakateketeza maghala na mashamba, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Baadaye serikali ya Kiingereza nayo ikawashurutisha wakulima kupanda muhogo wa akiba, amri ambayo haikupendwa, lakini muhogo wenyewe ukapendwa ukabaki. Ni akiba iliyo ardhini, isiyohitaji gunia wala dawa, ichimbwayo kwa kadiri ya sufuria ya siku hiyo. Leo yapasa kuongeza hadhari, kwa kuwa ugonjwa wa michirizi ya kahawia, ulioenea pwani nzima, huozesha mizizi ingali ardhini huku majani yakidanganya. Anayeuhesabu muhogo katika masurufu yake na achimbue shina moja moja mapema, na apande mbegu zinazostahimili, ambazo wataalamu wa Naliendele, Mtwara, wamezifanyia kazi kwa miaka mingi.

Ghala nalo lina maadui. Zamani mahindi yaliachwa katika maganda yakaning'inizwa juu ya meko, moshi ukayalinda, kwa hekima ile ile ya nabii Yusufu aliyewaagiza watu wa Misri waiache nafaka katika masuke yake. Dumuzi, aliyeingia nchini kupitia Tabora na kutambuliwa mapema katika miaka ya 1980, hakuijali hekima hiyo. Hutoboa mahindi na makopa kwa pamoja mpaka yakawa vumbi. Mifuko yenye tabaka tatu, miwili ya nailoni ndani na mmoja wa nje, humziba pumzi akafa bila ya dawa, na bei ya mfuko mmoja ni ndogo kuliko debe moja litakaloliwa na wadudu. Mtu awekaye magunia saba Julai bila ya kuyakinga hajaweka saba.

Nimeacha kwa makusudi jambo gumu lisemwe karibu na mwisho. Masurufu hayawezi kupangwa na mtu mmoja katika nyumba ya watu wawili. Zipo nyumba ambamo fedha ya korosho hupokewa na mume kwa njia ya benki au simu, na mke, ambaye ndiye ajuaye unga umebaki kiasi gani, hapewi kujua ni kiasi gani kilichoingia. Huachiwa hela ya mboga asubuhi, leo elfu tatu, kesho elfu mbili, keshokutwa hakuna, na hulaumiwa kwa chumvi kupungua. Katika nchi ya Wamwera na Wamakonde, ambako tangu kale ukoo hufuata upande wa mama na mwanamke ana shamba lake na sauti yake, hali hiyo ni ugeni. Nilisikia mazungumzo ya mume na mke barazani, jioni ya siku ya malipo. “Baba watoto,” mke alisema, “kabla hujaniambia umepata ngapi, niambie kwanza tutakula madebe mangapi mpaka Mei.” Mume alinyamaza kidogo, akajibu, “Hilo unalijua wewe, mama watoto. Lete vijiti.” Wakahesabu mpaka taa ikawashwa, na fedha ya madebe ikatengwa usiku ule ule kabla ya kulala.

Wengine huona kwamba kinachobomoa masurufu ya kusini ni ngoma: jando na unyago wa kiangazi, arusi, matanga, na wingi wa wageni ambao heshima haimruhusu mtu kuwapa chai tupu. Mimi sioni hivyo. Unyago ni shule na ni undugu, na nyumba inayotunza leo ndiyo itakayotunzwa kesho. Ubaya hutokea sherehe isipokuwa na fungu lake, ikalazimika kuchota katika fungu la unga. Andika ngoma katika hesabu kama uandikavyo sabuni, kwa kiasi unachokiweza, tangu Julai. Aliyetenga laki moja kwa mwanawe atacheza kwa laki moja, na ghala halitaguswa.

Na pawepo kidogo cha ziada kwa ajili ya njia. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa juu ya Rufiji mwaka 2003, mvua kubwa iliitenga Lindi na Dar es Salaam kwa majuma, na watu walijua kuweka sukari na mafuta ya taa kabla ya masika. Lami imetusahaulisha. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, mafuriko yaliikata barabara huko Somanga, malori yakakwama, na kwa siku kadhaa kusini ikarudi kuwa kisiwa. Sukari ya majuma mawili na chumvi ya miezi miwili, ambayo hutoka katika mashamba ya chumvi ya pwani hiyo hiyo, si mzigo kwa nyumba yoyote.

Lipo jambo la mwisho la hesabu ambalo laijia nchi hii, na ni vema lianze kufikiriwa sasa. Mwezi wa Ramadhani hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa miladi, na katika mwezi huo matumizi ya nyumba za pwani huongezeka: tambi, sukari ya uji na ya chai, mihogo na ndizi za nazi, maharage, tende, na sahani za kupelekeana. Mwaka 2025 Ramadhani ilianza mapema Machi, mwaka 2026 ikaingia katika Februari, na mwaka 2028 itaanza mwishoni mwa Januari. Maana yake ni kwamba kwa miaka hii kadhaa mwezi wa matumizi makubwa umeangukia ndani ya miezi ya ghala jepesi. Mwaka 2030 zitaanza Ramadhani mbili katika mwaka mmoja, ya kwanza siku za mwanzo za Januari na ya pili siku za mwisho za Desemba, na baada ya hapo, kwa miaka kadhaa, futari itaandaliwa kwa fedha mpya ya korosho. Mpaka wakati huo, nyumba itakayo kufunga na kufuturu bila ya kuandikwa dukani haina budi kununua sukari yake ya Ramadhani Novemba, kilo kumi au kumi na mbili kwa watu sita, ikaitia katika ndoo yenye kifuniko na kuiweka mbali na siafu, na kuyatia madebe mawili ya ziada katika hesabu ya Julai.